Sahihi ya Truett

Jumatatu ya pili ya Januari, wafanyakazi wa kiwanda cha makochi nje ya mji wa Pontotoc, jimbo la Mississippi, walifika kazini wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Karatasi iliyobandikwa getini ilisema kampuni imesimamisha shughuli zake zote, na kwamba kazi na bima ya afya vimekoma tangu siku ile. Watu waliisoma, wakairudia, wakaanza kulaani. Wengine walilia pale pale getini. Neva Sappington hakulaani wala hakulia. Alirudi kwenye gari lake, akafunga mlango, akatoa chupa ya dawa mkobani na kumimina vidonge kwenye kiganja. Vilikuwa kumi na saba.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza mbele ya cherehani, akishona vitambaa vya makochi ambayo watu wengine wangeyakalia. Alikuwa fundi wa pembe. Ukimpa mto wa kochi wenye kona ngumu, alikurudishia umekaa kama umezaliwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, hakuazima kitu kwa jirani, na hata zile sahani za chakula walizopelekeana watu wa kanisani alipenda kuzipeleka kuliko kuzipokea.

Miaka sita nyuma daktari wa mji wa Tupelo, Dokta Kuriakose, alimwambia ana saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Kidonge cha kwanza, kile cha bei nafuu, hakikumfaa; miguu ilivimba na damu haikutulia. Cha pili kilimkubali. Kimoja kila asubuhi, na bilauri nzima ya maji. Kwa kidonge hicho alishona, alipalilia bustani, aliimba kwaya, na wengi pale kiwandani hawakujua kuwa anaumwa. Lakini bei ya chupa moja ya mwezi ilishinda bei ya gari lake, na aliyekuwa akiilipa ni bima. Sasa bima imekufa. Alipopiga simu kwenye ofisi za serikali, moja ilimwambia mtu asiye na mapato hasaidiwi kununua bima mpya, na nyingine ikamwambia mtu asiye na watoto wadogo hapewi ile ya bure. Alishukuru kote kuwili na kukata simu.

Siku ya pili alikwenda kliniki ya wilaya kumwona Odessa Pegues. Odessa hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia dawa watu wasioweza kuzinunua. Kampuni nyingi zinazotengeneza dawa za bei ya kutisha huwa na mpango wa kuwapa bure wenye shida, ila mwenye shida ajue pa kuuliza, ajaze fomu bila kosa, na aambatanishe kila karatasi wanayotaka. Odessa alizijua fomu hizo zote.

"Umebakiwa na vingapi?" aliuliza, hata Neva hajakaa vizuri.

"Kumi na sita."

"Usije ukaviruka. Nakwambia mapema, Bi Neva, maana nawajua. Mkiona chupa inakwisha mnakula kimoja leo, kesho mnapumzika, mnajiona mmefanya akili."

"Sijaruka."

"Basi usianze."

Walijaza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Barua ya kufungwa kwa kiwanda ilikuwepo. Hati za mshahara zilikuwepo. Sehemu ya daktari ingepelekwa Tupelo siku hiyo hiyo. Kwenye ukurasa wa nne Odessa aliinua kichwa.

"Umeolewa?"

Neva aliangalia dirishani. "Weka sijaolewa."

"Sikukuuliza niweke nini. Nimekuuliza umeolewa?"

"Kwa karatasi tu. Truett aliondoka miaka kumi na moja iliyopita."

"Mliachana mahakamani?"

"Hatukufika huko."

Truett Sappington hakuondoka kwa ugomvi. Alipata kazi ya kuendesha malori ya magogo huko Bruce, wilaya ya jirani. Akawa anarudi kila mwisho wa juma, kisha mara moja kwa mwezi, mwishowe akawa harudi. Neva alimfungia nguo zake kwenye maboksi mawili akayaweka barazani, na siku moja maboksi yakawa hayapo. Talaka kila mmoja alimwachia mwenzake aianze.

"Mississippi haina kitu kinaitwa kutengana," Odessa alisema. "Ama umeolewa ama umeachwa. Ukiandika huna mume na wao wakaangalia rekodi wakamwona, hawatakunyima mwezi huu peke yake. Watakufungia mlango, na hakuna mlango mwingine."

Walipiga simu kwenye kampuni. Muziki uliwaimbia dakika arobaini. Hatimaye binti mmoja mwenye sauti laini akaeleza: kama mume yupo, walete hati za mapato yake, kama hawaishi pamoja, walete kiapo cha maandishi kinachosema hivyo na kwamba mume hamtunzi mke, kikiwa na sahihi zao wote wawili, zimewekwa siku moja mbele ya afisa wa viapo.

"Bora nife," Neva alisema simu ilipokatwa.

Odessa aliweka kalamu mezani taratibu. "Usiseme hivyo ofisini kwangu. Waliokwisha kuyasema maneno hayo wakimaanisha, nimekwenda kwenye mazishi yao. Mtafute huyo mwanamume."

Namba ya zamani ya Truett ilikuwa imekufa. Kwenda mwenyewe Neva hakutaka. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo baadaye alijilaumu nalo sana: aliandika barua, fupi na yenye adabu, akaituma kwa posta ya Bruce, akakaa kungoja. Alingoja siku nane. Kila asubuhi alimeza kidonge, akafunga chupa, akaenda kutazama sanduku la barua. Lilikuwa na matangazo ya mbegu na bili ya umeme. Dokta Kuriakose alikwisha kutia sahihi sehemu yake na kumtumia Odessa ujumbe: Neva asikae bila dawa, kwa sababu ugonjwa huu ukipewa nafasi hujifunza kuikwepa dawa ile ile, na hakikuwepo kidonge cha tatu ambacho alikuwa na uhakika nacho.

Ijumaa redio ilisema barafu itaanguka Jumapili na barabara zitafungwa. Neva alikuwa amebakiwa na vidonge sita. Alivaa koti lake la kanisani, akaweka kiapo katika bahasha ngumu, akaendesha gari hadi Bruce.

Haikuwa vigumu kuipata nyumba. Muuza mafuta alimwelekeza kwa kidole. Mbwa wawili walimbwekea mpaka mlangoni. Aliyefungua alikuwa mwanamke mwembamba mwenye unga mikononi, nywele zimefungwa kwa kitambaa.

"Nyamazeni, nyie! Karibu ndani, dada, hiyo baridi itakuua. Mimi Vonda. Unamtafuta nani?"

"Truett, kama yupo. Mimi ni Neva."

"Neva!" Vonda alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, si kwa ubaya. "Yule mtalaka wake. Miaka yote hii nasikia jina tu. Kaa hapo, natoa mikate kwenye jiko. Truett! Una mgeni!"

Neva hakukaa. Neno lile mtalaka lilimsimamisha katikati ya sebule kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alielewa mara moja Truett amemwambia nini mwanamke huyu. Alielewa pia kwamba karatasi iliyomo kwenye bahasha, mstari wa kwanza kabisa, ilisema mume na mke.

Truett alitokea ukumbini akifuta mikono. Alikuwa amenenepa na ndevu zimekuwa nyeupe. Alipomwona Neva uso ulimbadilika rangi.

"Tuongee nje," alisema.

Walisimama nyuma ya lori lake, upepo ukiwapiga.

"Ulipata barua yangu?"

"Niliipata. Sikuifungua. Nilidhani umenishtaki."

"Nikushtaki nini, Truett? Una kitu gani?" Alimpa kiapo. Truett akasoma midomo ikicheza, akafika chini, akaanza upya.

"Siwezi."

"Ni sahihi tu. Sitaki hata senti yako."

"Si hela. Vonda anajua tuliachana zamani. Na hapa mjini mwenye muhuri wa viapo ni yule mama wa benki, anakaa naye benchi moja kanisani. Nikiweka sahihi saa tisa, saa kumi Vonda anajua. Nipe mpaka Jumatatu. Nitakuja Tupelo, kule hakuna anayenijua."

"Jumatatu barabara zitakuwa barafu tupu."

"Basi wiki ijayo, mwisho wake."

"Wiki ijayo sina."

"Huna nini?"

"Vidonge, Truett! Nina sita." Sauti ilimpanda, jambo ambalo hakulizoea, na mbwa wakasimamisha masikio.

Truett aliangalia ardhi. Alianza kuikunja ile karatasi, na Neva akaikwapua mkononi mwake kabla haijapata mkunjo. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka.

"Mbona mnanong'ona kama wezi wa kuku?" Vonda aliuliza.

Neva alimtazama Truett, akampa muda wa kusema mwenyewe. Alimhesabia kimoyomoyo mpaka kumi. Truett alikohoa, akapangusa pua.

"Samahani, dada," Neva akasema. "Mimi si mtalaka wake. Hatujaachana mahakamani. Ninaumwa saratani, na wenye dawa hawanipi mpaka aweke sahihi kwamba haishi na mimi. Sikuja kukuvurugia nyumba. Kama ningekuwa na njia nyingine ningepita huko."

Vonda alishuka ngazi moja, kisha nyingine. Alichukua kiapo, akakisoma chote, akamgeukia Truett. Neva alidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa nakuuliza karatasi za talaka ziko wapi, tukafunge ndoa kama watu. Ukaniambia ziliungua. Mahakama ilishika moto, ukasema."

"Vonda mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Moto, Truett! Nikaenda kuwaombea wale watu wa mahakama kanisani!" Alitazama saa yake ya mkononi. "Benki inafunga saa kumi. Panda gari."

"Tuongee kwanza."

"Tutaongea. Tutaongea mpaka ujutie kuzaliwa na masikio. Sasa hivi panda gari."

Walifika benki saa tisa na dakika ishirini. Mama mwenye muhuri aliwasalimia wote kwa furaha, akasoma kiapo, furaha ikapungua, akaomba vitambulisho. Neva alitoa chake. Truett alijipapasa mifuko ya mbele, ya nyuma, ya koti. Leseni ilikuwa kwenye suruali nyingine, nyumbani.

"Bila kitambulisho siwezi, Truett," yule mama alisema. "Nakujua, lakini muhuri haukujui."

Vonda alitoka, na wakalisikia lori likiondoka kwa hasira.

Wakabaki wawili kwenye benchi la benki, saa ya ukutani juu ya vichwa vyao. Miaka kumi na moja hawakuwahi kukaa karibu hivyo. Neva aliibana bahasha magotini.

"Unaumwa kweli?" Truett aliuliza mwishowe.

"Ningekuja huku kwa mzaha?"

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Ungenipa habari."

"Ungefanya nini?"

Alifikiri kwa uaminifu, na hilo Neva alimpa haki yake. "Sijui," alisema. "Pengine nisingefanya kitu."

"Basi."

Saa kumi kasoro dakika kumi. Mlinzi alianza kuzima taa za upande mmoja. Saa kumi kasoro tano yule mama wa muhuri alifunga droo yake ya kwanza, akamtazama Neva kwa macho ya kuomba radhi. Neva alisimama. Hakujua amesimama ili afanye nini. Pengine kumpigia magoti. Mlango ukasukumwa. Vonda aliingia akihema, leseni mkononi, mkono mwingine bado una unga.

Truett aliweka sahihi. Neva akaweka sahihi. Muhuri ukagongwa. Nje, Vonda alimfuata Neva hadi garini.

"Sina ubaya na wewe," alisema. "Nina hasira tu, na zinatafuta pa kukaa. Wahi kabla giza halijaingia."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Pona tu."

Odessa alikuwa amebaki kliniki peke yake akimngoja, koti tayari mabegani. Alizipitisha kurasa zote kwenye mashine ya faksi moja moja, akiziita kwa namba. Mashine ilitoa karatasi ya kuthibitisha. Neva alirudi nyumbani, akakanda unga wa mahindi, akaoka mkate akaula wote na maharage. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili alikuwa na njaa.

Barafu ilikuja Jumapili kama redio ilivyosema. Matawi ya misonobari yalikatika kwa mlio kama wa bunduki na umeme ukakatika nayo. Jumatatu kliniki haikufunguliwa. Jumanne haikufunguliwa. Jumatano Odessa alifika kazini kwa kuburuza miguu juu ya barafu, akapiga simu kwenye kampuni, akaambiwa ukurasa wa nne haukuwafikia.

"Ukurasa wa nne ndio huo wa mume," alimwambia Neva kwa simu. "Karatasi inasema umekwenda. Wao wanasema hawana. Sigombani nao. Nimeutuma tena mara tatu na nimekaa kwenye laini mpaka mtu akaniambia ameushika mkononi."

Alhamisi asubuhi Neva alimeza kidonge cha mwisho. Aliigeuza chupa juu chini akaigonga, ingawa alijua.

Ijumaa saa nane mchana simu iliita. Ilikuwa kampuni yenyewe. Ombi limekubaliwa, atapewa dawa bila malipo hadi tarehe thelathini na moja Desemba, na kifurushi kinatoka leo. Neva alisema ndiyo, naam, asante, akathibitisha anwani, akakaa kwenye sakafu ya jikoni. Lakini kifurushi kililazimika kupita Memphis, na Memphis yote ilikuwa chini ya barafu. Jumamosi hakikuja. Jumapili hakuna aletaye. Jumatatu gari la vifurushi lilipita barabara kuu bila kukata kona, naye akalitazama likipita.

Siku hizo nne hakuumwa na chochote, na hilo ndilo lililomtisha. Alijipapasa shingo, akachungulia macho yake kwenye kioo, akasikiliza mwili kama mtu anayemsikiliza mwizi nyumbani. Kila uchovu mdogo aliona ndio wenyewe. Odessa alipiga asubuhi na jioni. Jumatatu, mtu asiyemtegemea alipiga pia.

"Imefika?" Vonda aliuliza, bila salamu.

"Bado."

"Huyu hapa amekaa kwenye kochi anajifanya hasikilizi. Nimemwambia barabara zikibaki mbaya, atalipeleka lori lake Memphis aifuate dawa mwenyewe."

Haikufika huko. Jumanne kabla ya saa sita gari lilikata kona. Kijana wa vifurushi alimpa kifaa cha kutilia sahihi, na Neva akaandika jina lake haraka na vibaya mpaka likasomeka kama la mtu mwingine. Alikata boksi kwa mkasi wake wa kushonea. Alimeza kidonge akiwa bado amesimama mlangoni, baridi ikiingia ndani.

Damu ilipopimwa mwezi wa pili, ugonjwa ulikuwa umepanda. Dokta Kuriakose hakuficha. Alisema wangoje kipimo kingine ndipo wajue kama dawa bado inashika. Ile miezi miwili ya kungoja, Neva alisema baadaye, ilikuwa mirefu kuliko miaka yote ya kiwandani. Aprili ulikuwa umeshuka. Haukurudi kabisa pale ulipokuwa, lakini ulishuka, na daktari akamwambia aende nyumbani akapande nyanya zake.

Mwezi wa sita yeye na Truett waliachana katika mahakama ya Pontotoc, bila wakili wa kugombana. Vonda ndiye aliyejaza karatasi zote. Alikaa benchi la nyuma, akazikagua nakala muhuri kwa muhuri, akaziweka mkobani mwake mwenyewe.

Siku hizi Neva anashona viti vya mashua katika karakana ndogo ya barabara ya Tupelo, mwanzoni siku tatu kwa wiki. Walimwomba aongeze siku, akaenda kwanza kumuuliza Odessa, kwa maana mapato yakipita kiwango fulani kampuni itamkatia dawa, na bima ya karakana hawapewi wasiofanya wiki nzima. Odessa alipiga hesabu yake, akamwambia anaweza kuongeza siku moja lakini si mbili. Akaongeza moja. Novemba alikwenda kliniki na karatasi zake zote katika bahasha, kujaza fomu ya mwaka mwingine.

"Umeolewa?" Odessa aliuliza, kalamu juu ya ukurasa wa nne.

"Sijaolewa."

"Una mpango?"

"Andika, Odessa," Neva alisema. "Watu wanangoja nje."